Kipimajoto cha Kinyozi

"Nina homa."

Ujumbe ulikuwa huo tu, kutoka namba aliyoifuta kwenye simu lakini kichwani ilikataa kufutika. Mshona mapazia aliweka mkasi chini, kitambaa cha watu kikiwa kimekatwa nusu, akapiga.

"Imeanza lini?"

"Asubuhi. Kidogo tu. Na kichwa kinagonga."

"Uko wapi?"

"Kazini. Nina mteja kitini."

"Wewe kinyozi, una akili kweli? Mwache huyo mteja."

"Nimefika nusu."

"Mwache hivyo hivyo. Usimeze kidonge ukalala. Shika kadi yako ya dawa, nakuja."

Alitoka mbio, tepu ya kupimia ikining'inia shingoni. Njiani mambo ya zamani yakamjaa, na hakuyafukuza.

Enzi zile akitoka kazini alikuwa anakaa kwenye benchi la saluni, feni ikizunguka kwa manung'uniko, harufu ya spiriti na poda puani, na kinyozi akimtazama yeye kupitia kioo badala ya kutazama kichwa cha mtu. Wateja waliondoka na alama za wembe na hakuna aliyelalamika, maana penzi lile lilikuwa burudani ya mtaa mzima. Raha ilioje.

Kisha kinyozi akagundulika na ugonjwa adimu wa damu, ule ambao mwili unavunja chembe zake nyekundu wenyewe. Siku ya kuanzishiwa sindano, daktari aliwakalisha wote wawili.

"Dawa hii inazuia damu isivunjike, lakini inawafungulia mlango bakteria fulani wakali. Umechanjwa, ila chanjo haizuii kila kitu. Homa yoyote ile, njoo hospitali papo hapo na kadi hii ya dawa, usisubiri kesho. Na usiiache dawa bila kutuambia."

Kinyozi alisikia nusu, mwenzake akasikia yote. Tangu hapo kila akiingia saluni alimwekea mgongo wa mkono kwenye paji la uso, mbele za watu. Wateja wakambatiza jina la Kipimajoto. Mwanzoni kinyozi alicheka nao, baadaye akachoka kuchekwa.

"Mimi nataka mchumba, sitaki kipimajoto," alimwambia siku moja, saluni imejaa.

Mshona mapazia alivua pete, akaiacha kwenye rafu ya kioo katikati ya vitana, akaenda zake. Alilia njia nzima.

Sasa alimkuta kinyozi mlangoni pa saluni anatetemeka, shati limelowa jasho. Kando yake alisimama mteja, upande mmoja wa kichwa unang'aa, upande wa pili msitu, funguo za gari mkononi.

"Shemeji, pandeni. Mimi nimeshaharibika, twendeni tu."

Hospitalini muuguzi aliisoma kadi na hakuwapanga foleni. Damu ikachukuliwa, antibiotiki zikaanza kuingia mshipani kabla hata majibu hayajatoka. Mshona mapazia alijibanza ukutani, akiikunja tepu yake na kuikunjua. Aliogopa kumpoteza. Alikuwa bado anampenda, na hilo nalo lilimwogopesha.

Kesho yake mchana mgonjwa alifumbua macho.

"Upo?"

"Nipo. Daktari anasema ungelala nayo nyumbani, leo tungekuwa tunaongea mengine."

Mshona mapazia akamnyooshea shuka.

"Kwa nini ujumbe ulinitumia mimi?" akauliza. "Dada yako yupo, mama yupo, marafiki umejaza mtaa."

"Wote wangeniambia nilale, itapita. Nilitaka mtu wa kunigombeza."

"Na yale maneno ya siku ile?"

"Niliona aibu kupendwa mbele za watu. Ulikuwa ujinga wangu, nisamehe."

Mlango ukafunguka, mteja akachungulia, kofia imevutwa hadi masikioni.

"Pole, kinyozi. Ukipona nimalizie. Nimelala na kofia, mke wangu ananiangalia vibaya."

Walicheka mpaka muuguzi akaja kuwanyamazisha. Mteja alipoondoka, mshona mapazia aliuliza kwa sauti ya chini, akitazama dirishani.

"Ile pete ulimpa nani?"

"Ipo pale pale, kwenye vitana. Watu wakiiulizia nasema ina mwenyewe."

Mshona mapazia aliinama, akamwekea mgongo wa mkono kwenye paji la uso, kama zamani.

"Homa imeshuka," akasema.

"Pima tena."