Chapati ya Ijumaa Kuu

Chapati za Nasimiyu hazikuwa na chumvi. Akoth aliligundua hilo kabla ya jambo lingine lolote, Ijumaa Kuu ile ya mwaka wa hamsini na saba, na kwa kuwa alimpenda mpishi, alimeza bila kusema neno.

Walikuwa majirani katika landhi, nyumba za wafanyakazi wa reli pale Nakuru, ukuta kwa ukuta, na ukuta wenyewe ulikuwa mwembamba hivi kwamba mmoja akipiga chafya mwenzake humwambia pole akiwa kwake. Joash, mume wa Akoth, alikuwa gadi aliyesafiri na treni za mizigo na nyumbani alionekana kama mgeni. Wamalwa, mume wa Nasimiyu, alifanya kazi kwenye shedi ya injini. Akoth alipomzaa binti yake Apondi, mikono iliyompokea mtoto ilikuwa ya Nasimiyu. Na kila Nasimiyu alipozika mtoto, maana alikuwa amezika watatu, Akoth ndiye aliyemshika kiuno asijitupe kaburini. Sasa Nasimiyu alikuwa amejaliwa mwingine, Barasa, kitoto chenye mashavu mazito, na landhi nzima ilitembea kwa vidole karibu na furaha hiyo.

Basi siku ile baada ya ibada, Nasimiyu aliwaita majirani waje wale maharagwe na chapati uani kwake. Walitandika mikeka. Ukungu ulikuwa umeshuka kutoka mlima Menengai na kulikuwa kumetulia, hakuna injini iliyopiga honi wala mbwa aliyebweka.

"Hebu ngojeni," alisema Mzee Hiram, seremala na mzee wa kanisa. "Tuko wangapi hapa?"

"Kwetu watu hawahesabiwi, mzee," Akoth alisema.

"Hata kwetu. Lakini leo si siku ya kuketi ovyo. Usiku wa kuamkia mateso waliketi kumi na watatu mezani, na mmoja wao alikuwa ameshamuuza Bwana."

Akawapitishia macho watu wazima mmoja mmoja huku midomo ikichezacheza. Alipomaliza, alishika fimbo yake akainuka.

"Kumi na watatu. Mimi naenda, mbaki kumi na wawili. Mama Barasa, usinione mbaya."

Watu walicheka. Wamalwa, ambaye hakuwa na neno zito maishani mwake, alimsindikiza mzee hadi njiani, akarudi, na kwa mzaha akaanza kuwahesabu waliobaki kwa kuwagusa vichwa. Akafika mwisho, akakunja uso, akarudia.

"Jameni," alisema, "mzee ameenda, na bado tuko kumi na watatu."

"Hesabu za shedi hizo," mtu mmoja alimtania, na kicheko kikazuka tena. Nasimiyu hakucheka. Alikuja na kipande cha chapati mkononi, akapiga magoti mbele ya Akoth.

"Fungua mdomo, Mama Apondi. Leo nakulisha mwenyewe."

"Mimi ni bibi harusi?"

"Wewe ni zaidi. Kula."

Akoth akala. Nasimiyu akambusu shavuni, jambo ambalo hakuwahi kulifanya, na midomo yake ilikuwa baridi kama bomba la mferejini asubuhi. Kisha akageuza uso haraka, na Akoth akadhani analia kwa ajili ya siku yenyewe.

Jioni, wakati wa kuosha vyombo, Akoth aliona sahani moja imezidi. Chakula chake kilikuwa kizima, hakikuguswa, lakini kilikuwa kimekauka kana kwamba kiliachwa hapo tangu wiki iliyopita. Aliwamwagia kuku. Kuku walikijia mbio, wakasimama, wakarudi nyuma wote kwa pamoja.

Pasaka ilipita. Siku chache baadaye Akoth alikuwa akimlisha Apondi uji wa mchana. Mtoto alikuwa na umri wa kukimbia na kupayuka, lakini bado alipenda kulishwa na mamake. Alipokea kijiko, akameza, akafunga mdomo. Na bado Akoth alisikia kutafuna. Alidhani ni panya. Aliinama chini ya kitanda, hakuna kitu. Akasikiliza tena, polepole akasogeza sikio, likapita godoro, likapita meza, likafika kwenye kifua cha mtoto wake. Sauti ilikuwa humo: meno makubwa, yakitafuna bila haraka, kama ya mtu mzima anayekula peke yake na anayejua hatanyang'anywa.

"Apondi, nini hiyo?"

"Ni mgeni," mtoto alisema. "Anasema niongeze."

Kuanzia hapo nyumba iligeuka. Kulinuka nywele zilizoungua, na Akoth alipofungua dirisha harufu ikazidi, kana kwamba ilitoka ndani yake mwenyewe. Chumvi kwenye kopo iliyeyuka ikawa maji, akanunua nyingine, nayo ikayeyuka. Apondi alikula ugali wa mtu mzima, akalamba sufuria, akalia njaa, na kila alivyokula ndivyo mbavu zilivyojitokeza na macho yalivyozama, hadi Akoth akawa anaogopa kumpa chakula na anaogopa kumnyima, akikaa kitandani na kijiko mkononi, akisikia yale meno yakianza hata kabla hajakichovya kijiko, yakimngoja, yakimjua.

Alimwambia Nasimiyu kwanza. Angemwambia nani mwingine?

"Ni minyoo," Nasimiyu alisema kutoka mlangoni. Tangu Pasaka alikuwa haingii ndani. "Mpe dawa ya minyoo."

"Minyoo haitafuni, Mama Barasa. Njoo usikie."

"Nina mtoto mchanga. Nisamehe." Na akamfunika Barasa kwa kanga hadi kichwani.

Akoth alimwita Mzee Hiram. Mzee alikuja na wazee wenzake wawili wa kanisa, wakapiga magoti, wakaomba kwa muda mrefu na kwa machozi, na kutafuna kukatulia. Akoth alianza kupumua. Hiram akafunga sala, wazee wakasema amina, Akoth akasema amina. Halafu, baada ya kimya cha pumzi moja, sauti nzito kutoka kifuani mwa mtoto ikasema taratibu, "Amina."

Wazee waliondoka bila kuaga. Ni Hiram peke yake aliyegeuka mlangoni. Alinong'ona, "Binti yangu, mimi ni seremala. Nenda mtaa wa Bondeni, umtafute yule Maalim anayeshona kofia. Na usiseme nimekutuma."

Maalim alikuwa mtu mfupi mwenye miwani iliyofungwa uzi. Hakumgusa mtoto. Alisikiliza tu, akaweka sindano chini.

"Nani alikulisha kwa mkono wake, chakula kisicho na chumvi?"

Akoth alitaka kusema hakuna. Ulimi ukakataa.

"Sikiliza, mama. Huyu ni jini wa kurithi. Hukaa kwa mtu mzima, lakini hula kwa mdogo, yule ambaye mkubwa humtilia chakula mdomoni. Asipompata mdogo, humla mkubwa mwenyewe. Kumtoa katika ukoo wake kunataka siku ya msiba, watu wenye dini wakiwa wamenyamaza, na mahali ambapo watu wakihesabiwa wanazidi. Akishatoka, hangoji siku tena. Huenda kutoka mkono hadi mdomo."

"Aliyenipa hakujua. Ni rafiki yangu."

"Angekuwa adui asingeweza," Maalim alisema. "Adui hali kwako. Hupewa yule anayekupenda na kukuamini, basi."

Akoth alimtazama Apondi akitafuna hewa mapajani mwake.

"Mtoe, Maalim."

"Naweza kumtuliza siku mbili tatu. Kumtoa siwezi. Mpikie aliyekupa, bila chumvi, umlishe kwa mkono wako. Akila, amemchukua."

"Na akikataa?"

Maalim aliokota sindano yake. "Akikataa, basi alijua."

Njia nzima ya kurudi, Akoth alikuwa akimtetea Nasimiyu moyoni. Alikumbuka zile siku za msiba, walivyolala mkeka mmoja. Alikumbuka Nasimiyu akimsimulia juu ya bibi yake, aliyelelewa Mumias kwa wafanyabiashara wa misafara na kurudi kwao na sanduku ambalo hakuna aliyeruhusiwa kulifungua. Wakati ule ilikuwa hadithi ya kupitisha mvua tu. Alipofika nyumbani alikanda unga, akapika chapati moja bila chumvi, akaishika mkononi, akaenda mlango wa pili. Jua lilikuwa linaelekea kutua.

Nasimiyu alikuwa kwenye kigoda akimnyonyesha Barasa.

"Nimekuletea," Akoth alisema, akapiga magoti, akakata kipande, akakinyoosha. "Fungua mdomo, Mama Barasa. Leo nakulisha mwenyewe."

Nasimiyu alikitazama kile kipande. Mkono wake ukapanda polepole ukaziba mdomo wake.

"Nimefunga," alisema nyuma ya vidole.

"Unanyonyesha, unafunga nini?"

"Sina njaa."

"Kidogo tu. Kwa sababu yangu."

"Mama Apondi, tafadhali. Kiondoe."

Hapo ndipo Akoth alipovunjika. Hakupiga kelele. Sauti ilimtoka ndogo, kama ya mtoto.

"Ulinifanyia hivi mimi? Wewe uliyenizalisha?"

Nasimiyu alitikisa kichwa, machozi yakamdondokea Barasa usoni. "Nilizika watatu. Wewe uliwaona. Kila mmoja nilimsikia akiliwa hapa kifuani kwangu. Ningempa nani? Hampokei ila anayenipenda, na katika dunia hii yote mimi nilikuwa na wewe peke yako."

"Apondi amebaki mifupa."

"Najua. Namsikia kwenye ukuta. Kila siku namsikia."

Walitazamana. Mkono wa Akoth ulikuwa bado umenyooshwa, umesahaulika hewani na kile kipande, wakati mlango ulipofunguka na Wamalwa akaingia kutoka kazini, uso umejaa masizi, meno meupe.

"Shemeji! Kumbe leo kuna karamu na sikuambiwa." Mikono yake ilikuwa na mafuta, akaikunja nyuma ya mgongo, akainama kwa utani wake wa kila siku na kufungua mdomo karibu na vidole vya Akoth. "Nilishe basi. Huyu mke wangu ameacha kunipikia."

Akoth angeweza kuuvuta mkono. Ilikuwa kiasi cha kuukunja tu kiwiko. Alimtazama Nasimiyu, amwambie mumewe asile, na akaona Nasimiyu naye anamtazama yeye, anangoja aseme yeye. Atakayesema kwanza ingembidi amwambie Wamalwa kila kitu. Kwenye ukuta, upande wa pili, Apondi alilia njaa.

Wamalwa akala. Akatafuna, akameza, akajilamba.

"Haina chumvi, shemeji," alisema akicheka. "Lakini asante."

Jioni ile Apondi aliomba uji. Alikunywa nusu kikombe, akasema ameshiba, akalala. Akoth aliweka sikio kifuani mwake, akasikia moyo, moyo mtupu, ukidunda vizuri. Akaanza kulia kwa furaha, na katikati ya kilio hicho akasikia ukutani, taratibu, bila haraka, mtu akitafuna.

Wamalwa hakuwa na mtoto wa kumlisha, kwani Barasa alikuwa bado wa titi. Basi alijila mwenyewe. Kufikia mwezi wa saba mwili wake uliokuwa ukiinua vyuma peke yake ulikuwa umebaki ovaroli inayotembea. Daktari wa reli hakuona ugonjwa. Wamalwa alikula alichopewa na kuomba radhi kwa kula sana, na Akoth alipopita uani alimwita shemeji kama zamani, akauliza hali ya Apondi, akafurahi kusikia ananenepa. Nasimiyu na Akoth hawakuzungumza. Wangezungumza nini? Hata hivyo kila mmoja alijua mwenzake yuko wapi ndani ya nyumba yake, kwa kumsikiliza.

Mwishowe iliamuliwa arudishwe kwao, Bungoma, akauguzwe na ndugu. Landhi nzima ilimsindikiza stesheni. Walimwinua mpaka kwenye kiti cha dirishani, wakamfunika blanketi. Taya lake lilikuwa likisogea bila kukoma, na watu walikuwa wakijifanya hawalioni.

Nasimiyu alikuwa wa mwisho kupanda. Alimkabidhi mumewe mtoto kupitia dirishani, akasimama kwenye kidato cha behewa, na hapo akanyoosha mkono kwa Akoth. Akoth hakutaka kuushika. Aliushika. Hakukuwa na mtu mwingine chini ya jua aliyejua walichokifanya, na mkono ule, aliouchukia, ulikuwa ndio pekee usiohitaji kuelezwa.

"Nitakuandikia," Nasimiyu alisema.

"Usiniandikie."

Filimbi ikalia. Behewa likajikokota. Akoth akainua macho juu ya bega la Nasimiyu, hadi dirishani, na akamwona Wamalwa amempakata mwanawe. Mtu fulani mwenye huruma alikuwa amewapa viazi vitamu vya kuchemsha vya njiani. Wamalwa alimenya kimoja kwa vidole, akakiponda, akapuliza kiache moto, kama baba yeyote ambaye anafikiri mwanawe amefikia umri wa kuonja.

"Wamalwa!" Akoth alipiga kelele. Sasa sauti ilikuja, sasa ilimjaa kooni, akakimbia sambamba na behewa akisukuma watu. "Wamalwa, usimlishe! Nasimiyu, mtoto! Geuka umwangalie mtoto!"

Nasimiyu aliona midomo yake ikifunguka, akadhani ni kwaheri, akapunga mkono.

Injini ilipiga honi ndefu. Dirishani, Wamalwa alikitia kiazi mdomoni mwa mwanawe na kumwondolea kilichobaki kidevuni kwa kidole. Kisha akaegemeza kichwa nyuma. Taya lake likatulia, na usoni pake pakaja ule upole wa mtu aliyetua mzigo. Barasa alikuwa ametazama nje, kwa Akoth, macho makavu. Hakuwa na jino hata moja, na alikuwa akitafuna.