Futa Yote

Kwenye gati la mitumbwi ya Lubunga, katika msongamano wa wachuuzi na vikapu vya samaki, Plamedie aliinua simu yake juu ya kichwa isilowe. Mistari myeupe ya herufi ikateremka kwenye kioo cheusi kama mvua. Alivaa kitenge cha manjano, viatu kavishika mkononi. Nyuma yake Mbusa, fundi wa simu mzaliwa wa Butembo, alisahau zamu yake ya kupanda.

"Mama, hiyo telefone iko na Linux?"

"Iko na ugonjwa. Inaamka wakati inapenda. Na weye, unaangalia telefone ao mutu?"

"Bon... nilianza na telefone."

Akacheka, akampa nafasi kando yake. Simu ilikuwa ya marehemu baba yake, Papa René. Mzee aliachiwa na mtafiti aliyemwongoza katika misitu ya Yangambi. Mfumo wa ndani ulikuwa umekufa, na sasa simu iliishi kwa mfumo mwingine uliokaa kwenye kadi ndogo.

"Huo wa kadi ni mugeni anayelala barazani," Mbusa alieleza. "Ninaweza kuuingiza ndani kabisa."

Kwa majuma matatu walivuka mto pamoja. Hatimaye Plamedie akamwachia simu. "Na batri imezeeka, chéri. Utafute ingine."

Siku ya kuitengeneza, Mbusa aliona ndani mafaili arobaini na moja yenye namba tupu. Hakuwa mtu wa kugusa bila kuuliza, kwa hiyo akapiga simu ambayo Plamedie alikuwa ameiazima kwa dada yake, Clémence. Plamedie alipokea katikati ya mto, injini ikinguruma.

"Ya ndani, nifute?"

"Futa, chéri! Futa yote!"

Mbusa akafuta, akausimika mfumo mpya. Simu ikaamka kwa sekunde kumi na moja. Alasiri Plamedie alipoipokea kibandani mwa Mbusa, aliitafuta sauti moja, kisha akaitafuta tena.

"Papa iko wapi?"

"Papa gani?"

"Sauti yake! Anataja miti kwa Kilokele chetu. Arobaini na moja, Mbusa!"

"Lakini nilikuuliza nifute."

"Kufuta batri! Kulipa!"

Wakatazamana. Mbusa alilelewa kwa Kiswahili cha Kivu, ambamo kufuta ni kupangusa kusibaki alama. Plamedie alikulia Yanonge, kwenye Lingala, ambamo kufuta ni kulipa.

"Umemuzika papa mara ya pili," akasema kwa sauti ndogo. Akaiacha simu mezani, akavuka mto peke yake. Siku sita hakupokea wito wake hata mmoja kwenye simu ya Clémence.

Mbusa akairudisha ile kadi, akaiamsha simu kutoka nje ili asiandike tena neno ndani, akaanza kuisoma hifadhi punje kwa punje. Mfumo mpya ulikuwa umefunika sehemu tu. Kwingineko mafaili yalikuwa kama nyumba zilizoondolewa majina milangoni tu, wenyeji wangali wamekaa ndani. Siku ya tano, asubuhi, kutoka katika mkwaruzo mrefu, mzee mmoja alikohoa. Kisha akataja mti, taratibu: "Bolondo."

Mbusa akavua kofia.

Siku ya saba alivuka hadi Lubunga, akasimama mlangoni pa Plamedie bila salamu, akabonyeza. Sauti ikatoka. Plamedie, aliyekuwa akipepeta mchele, alikaa chini, ungo mapajani, asiinuke hadi jina la mwisho.

"Iko ngapi?"

"Kumi na tisa. Ingine mfumo ulishaifunika. Siwezi kukudanganya."

Machozi yakamshuka, naye hakuyapangusa. "Zile zingine niko nazijua. Alinifundisha njiani. Weka enregistrement, inirekodi."

Akainama juu ya simu. "Lifaki," akasema, na Mbusa akashtuka kusikia mwendo ule ule wa sauti ya mzee, pumziko lile lile kabla ya silabi ya mwisho. Jina lilifuata jina mpaka yakatimia ishirini na mawili, na kiwanja kidogo cha Lubunga kikaonekana kujaa vigogo virefu.

Alipomaliza, Mbusa akachuchumaa kando yake.

"Plamedie, mi nimechoka kulala barazani. Nikuje Yanonge kwa batonton, wajomba wako, nifute?"

Akamkazia macho. "Kufuta ya kwenu ao ya kwetu?"

"Ya kwenu. Nilete mahari."

"Basi futa, Mbusa. Futa yote!"

Kati yao, simu ilikuwa bado inarekodi. Ikayahifadhi hayo nayo, ndani, baada ya miti.