Taja Jina na Anwani

Ijumaa za Kwaresima, mji mzima wa Corley hushuka kwenye ukumbi wa chini wa kanisa la Mtakatifu Kasimiri kula samaki wa kukaanga. Wa kiwanda cha chuma huja, wa benki huja, na wasiokanyaga kanisani mwaka mzima nao hujipanga foleni bila aibu. Hapo ndipo Dolores Havrilla aliposimama mwaka ule wa themanini na mbili, sahani ya karatasi mkononi, ndani ya gauni la kijani alilojishonea mwenyewe, akinyoosha mkono kuchukua kipande cha mwisho.

"Dada, hicho unakihitaji kweli," sauti ikauliza nyuma yake, "au unakionea huruma tu?"

Sauti aliijua. Nani asingeijua? Ilikuwa ya Emil Vargo, mtangazaji wa mpira wa kikapu redioni, aliyekuwa akiingia jikoni kwake kila majira ya baridi kwa miaka mingi. Alipogeuka alimkuta mtu wa kimo cha kawaida, masikio makubwa, koti la rangi ya haradali.

"Nakihitaji," alisema. "Halafu redioni unasikika mrefu zaidi."

"Redioni nakalia kiti kirefu."

Walikigawana kile kipande. Jioni Emil akamrudisha kwa gari hadi Mtaa wa Ferry, namba kumi na moja, kule Bondeni, kati ya reli na mto Ohio. Dolores alizaliwa katika nyumba hiyo, na mwaka wa tatu sasa alikuwa diwani wa Bondeni. Mchana alirekebisha suruali za watu kwa dobi, jioni akabishana na madiwani wenzake. Kwa umri wake wa miaka thelathini na tisa, alikwisha kujizoesha kula peke yake.

Tangu siku hiyo simu ikawa inalia kila jioni.

"Havrilla ameshika sufuria," Emil alikuwa akitangaza bila hata salamu, "anaelekea kwenye jiko, anakwepa kiti..."

"Nimekaa, wewe. Miguu inaniuma."

"Mheshimiwa diwani amekaa. Mashabiki wanasikitika. Nije nikukande?"

"Njoo na mkate."

Alikuja na mkate, na Dolores alipenda. Tusizunguke, alipenda sana.

Sasa, ilikuwepo kampuni iliyotaka kupitisha nyaya za televisheni mjini. Barabara ni za mji, kwa hiyo bila kibali cha baraza la mji hakuna kampuni inayopitisha hata uzi. Nyaya zenyewe zilitakiwa mno, hasa Bondeni, ambako vilima viliziba mawimbi na televisheni zilionyesha chenga tupu. Ila kampuni ilitaka kuishia mitaa ya juu, kwa wenye nafasi. Dolores alitaka sharti liwekwe ndani ya kibali: nyaya zifike kila mtaa, la sivyo wafunge mizigo yao. Madiwani walikuwa watano. Ukimtoa yeye, wawili walikuwa upande wake, wawili upande wa kampuni, na kura zikilingana aliyeamua ni meya. Meya naye alikuwa ameshazoea chakula cha mchana cha kampuni.

Mwezi wa Mei kampuni iliitisha mkutano wa kujinadi. Bwana mmoja wa suti ya kijivu, nywele zimelazwa kwa mafuta, akawataja kwa fahari wenyeji waliokuwa na hisa katika kampuni. Alimtaja daktari, akamtaja muuza fanicha. "Na sauti tunayoipenda sote, bwana Emil Vargo."

Dolores aligeuka. Emil, safu tatu nyuma, alikuwa akitazama viatu vyake.

Simu ililia kabla hajavua koti.

"Dolores, nisikilize."

"Nakusikiliza tangu Kwaresima. Hiyo ndiyo shida."

"Hisa walinipa mwaka jana, kabla sijakujua. Walisema mji utakuwa na stesheni yake, nami nitatangaza mpira watu wakiuona, si kuusikia tu. Unajua nimeisubiri kazi hiyo tangu lini?"

"Ukanificha."

"Kila siku nilitaka kukwambia."

"Ukashindwa na nini?"

"Nakujua. Ungefanya lililo sawa, na lililo sawa lingekuwa kuacha kupokea simu zangu."

"Au ulikuwa ukiitaka kura yangu."

"Hivyo ndivyo unavyonidhania?"

Dolores alikata simu, akalia pale pale jikoni na koti lake mwilini. Emil alipiga tena kesho yake na keshokutwa. Hakupokea. Hatimaye simu ikanyamaza, na hilo likamuuma zaidi.

Mwanasheria wa mji, mzee Lindqvist, alimwita ofisini.

"Mambo ni rahisi, binti. Kama mmeachana, utapiga kura. Kama bado ni wako, una maslahi, ujitoe. Mmeachana?"

"Hatuongei."

"Sikuuliza hivyo."

Jirani yake, Bi Sobol, hakuona hata kinachomsumbua. "Sema mmeachana, upige kura yetu. Wanaume wapo tele. Waya ukitupita safari hii hatutauona tena."

Siku ya kura ukumbi wa baraza ulijaa hadi ngazini. Dolores alivaa gauni la bluu lenye kola nyeupe. Bi Sobol alikaa mstari wa mbele, mkoba mapajani, akimpa moyo kwa kichwa. Mzee Lindqvist aliuliza, kama sheria inavyotaka, iwapo kuna diwani mwenye maslahi, yeye au mtu wake wa karibu.

Alichotakiwa kufanya ni kunyamaza tu. Alisimama.

"Mimi. Inanibidi nijitoe. Emil Vargo ana hisa."

"Nilielewa mmeachana," meya alisema.

"Mtaa mzima umeelewa hivyo. Na mimi nilijaribu kuelewa hivyo, nimeshindwa. Nampenda. Nikisema simpendi ili nipige kura, nitakuwa nimewadanganya watu wa Bondeni, nao ndio walionileta hapa."

Bi Sobol alijifunika uso kwa mkoba. Dolores alianza kukusanya vitu vyake, na hapo mtu akakohoa kwenye kipaza sauti cha wananchi.

"Jina na anwani kwanza," meya alisema.

"Mnanijua."

"Kila anayezungumza hapo hujitaja. Utaratibu ni utaratibu."

"Emil Vargo, Mtaa wa Ridge, namba nane. Hisa nimezirudisha leo asubuhi. Stesheni nayo watafute mtangazaji mwingine. Muulizeni bwana yule wa suti ya kijivu, usoni inaonekana. Diwani sikumwambia kwa sababu hapokei simu zangu."

Watu walicheka. Bwana wa suti aliitikia kwa kichwa, shingo upande.

"Basi diwani hana sababu ya kujitoa," alisema mzee Lindqvist. "Kumpenda mtu asiye na hisa hakukatazwi na sheria za mji huu. Rudi kitini, binti."

Alirudi. Jina lake lilipoitwa alisema ndiyo, na sharti likapita.

Walikutana kwenye ngazi za nje.

"Kazi yako imekwenda," alisema Dolores.

"Imekwenda. Inaniuma, sikufichi. Lakini kule mezani ulisema nini? Nilikuwa nyuma, sikusikia vizuri."

"Ulisikia."

"Mimi mtangazaji, lazima nithibitishe habari."

"Nilisema nampenda. Na ukinificha jambo tena nitakukatia zaidi ya simu. Haya, nipeleke nyumbani."

Mwezi wa Novemba kampuni ilikuwa bado inasuasua kufikisha nyaya Bondeni, na baraza likaiita ijieleze. Wananchi walijipanga kwenye kipaza sauti kulalamika, Bi Sobol akiwa wa kwanza. Baada yake alikuja mtu wa koti la haradali.

"Jina na anwani," meya alisema.

"Emil Vargo." Akavuta pumzi, kama afanyavyo mpira unapoelea kuelekea kikapuni. "Mtaa wa Ferry, namba kumi na moja."

Ukumbi ulipiga makofi. Dolores aliinamia makaratasi ili wasimwone anavyocheka, pete yake ikagonga glasi ya maji.

"Na kwetu bado ni chenga," aliendelea Emil. "Mke wangu amechoka kutangaziwa na mimi mpira asiouona."