Fundi wa Dishi wa Mbweni

Felicitas na Kasimiri walikutana soko la Tandika, kwenye marundo ya mitumba, wote wameshika gauni moja la maua ya njano.

"Braza, na wewe unavaaga magauni?" Felicitas alicheka.

"La dada yangu. Ila likikukaa, dada atanisamehe."

Kasimiri alikuwa mtafsiri kwenye banda la video Temeke. Picha ya zamani ya Kihindi inapita, yeye na maiki anawasemea wote, matajiri na wapagazi, na Kihindi chenyewe hajui neno. Felicitas alikaa Mbweni. Baba yake ni mkubwa wizarani, na lami inaishia getini kwao, kama kawaida ya wakubwa wetu.

Miezi minne simu hazikukatika.

"Umekula, mpenzi?"

"Nimeshiba sauti yako."

Jumapili moja Felicitas akamwalika kwao. Kasimiri akaenda na shati jeupe, limenyooshwa kwa pasi ya mkaa. Baba mtu akamkuta mlangoni. "Huyu nani?"

Felicitas akaangalia vigae. "Fundi wa dishi, baba."

Na Kasimiri, kwa aibu, akapanda juu ya paa kweli. Akaligeuza dishi, akalirudisha lilivyokuwa. Aliposhuka akapewa wali jikoni, akala amesimama.

Simu za Felicitas hakupokea tena.

Wiki ya tatu, mchana, Felicitas akaingia bandani. Bati linachoma, watu wamebanana kwenye mabenchi. Kwenye picha binti wa tajiri anamlilia mpenzi wake, dereva wa nyumbani. Kasimiri alipomwona Felicitas, akaisahau picha.

"Tafsiri, bwana! Anasemaje?"

"Anasema... alimwonea haya."

"Na jamaa je?"

"Jamaa anajionea haya zaidi. Angekataa kupanda juu ya paa."

"Paa gani? Mbona hapo kuna gari tu!" Banda likaangua kicheko.

Felicitas hakucheka. Akapiga simu, akaweka spika.

"Shikamoo baba. Yule kijana siyo fundi. Ni mchumba wangu, anaitwa Kasimiri. Nilikudanganya."

"Uko wapi?"

"Temeke, banda la video."

"Binti yangu? Bandani? Watu watanionaje mie!" Simu ikakatika.

Felicitas akabaki kasimama, machozi yanashuka, hana pa kuuficha uso. Kasimiri akaweka maiki chini, akamfuata.

"Umesema mchumba. Mie sijakuchumbia."

"Basi nichumbie, watu wanangoja."

Kasimiri akashindwa kumtazama. "Nilivyo hivi hivi?"

"Hivi hivi."

Mama mmoja wa benchi la mbele akajisogeza. Ikapatikana nafasi ya mtu mmoja; wakakaa wawili.