Usiitike, Kitinda

Jua lilikuwa linatua mwongoza wageni alipotoka kwa mwuza dawa, chupa ya dawa ya mdogo wake mfukoni, akashika njia ya darajani. Wenzake kazini walimwita Kasuku, na halikuwa jina la bure: kwa maneno yake, mabasi ya wageni yalifurika kuja kulitazama daraja lile lililoning'inia kwa nyaya.

Zamani walikuja, wakapiga picha, wakaondoka. Ndipo Kasuku alipotunga uongo wake.

"Weka sikio hapa," aliwaambia, akiugonga waya mnene kuliko yote. "Mwite umpendaye. Daraja litakuitikia."

Na ili wamwamini, alitangulia yeye: "Kitinda! Njoo, mama!"

Waya ulivuma kwa upepo. Wageni wakapiga makofi.

Kitinda alikuwa dada yake, kitindamimba wa mama yao, aliyelala chumba cha uani nyumbani kwake. Tangu msimu wa wageni uanze, kila jioni aliinua kichwa, akamwitikia mtu asiyeonekana. "Abee!" Na mwili ulizidi kukonda.

"Baba watoto, huyu wifi yangu anaitwa na nani?" mkewe alimwuliza mchana ule.

"Homa tu."

Homa! Uongo wa pili kuufunika wa kwanza.

Katikati ya daraja akasimama. Hapakuwa na mtu. Harufu ya kutu ilipanda, nzito kama ya damu. Akainama, aibu imemjaa, akauwekea waya mdomo.

"Nilikosea kulitaja jina lile," akanong'ona. "Nirudishie."

Upepo haukuwapo.

Waya ukavuma.

"Kitinda... Njoo, mama..."

Sauti ilikuwa yake mwenyewe. Hata ile bashasha ya kuwachekesha wageni ilikuwamo.

"Abee, kaka... Nakuja."

Akageuka. Kitinda alikuwa anakuja, peku, gauni la kulalia limemganda kwa jasho, macho kayakazia maji yaliyo chini. Jina likamfika Kasuku ulimini. Akalimeza. Amwite tena? Si kuita huko huko kulikomfikisha mdogo wake hapa?

Akakimbia, akamdaka, mguu wake mmoja ukiwa umeshavuka ukingo, akamziba mdomo. "Abee" ikampiga kiganjani, tena na tena, kama panzi aliyefumbatwa. Hakuuondoa mkono mpaka walipofika mlangoni kwao.

Asubuhi mabasi yakaja.

"Jamani, leo msiite mtu," akawaambia. "Uongo ule niliutunga mimi. Lakini daraja limeushika. Nusura lininyang'anye dada."

Wakaangua kicheko.

"Kasuku huyo!" akasema dereva wa basi. "Kila msimu ana jipya!"

Onyo likageuka tangazo. Foleni ikawa ndefu kuliko siku zote, watu wakisukumana kwenda kwenye waya.

"Tupishe, kaka," mama mmoja akampiga kumbo. "Namwita mwanangu. Nimemwacha kwa bibi yake."

"Dada, nakusihi. Ita jina lolote, la uongo..."

"La uongo, nitamwita nani sasa?"

Akainama, akaita jina zima, la mtoto na la baba yake, polepole, ili lisikike.

Waya haukuvuma. Ulinyamaza kimya, kama mtu aliyesikia vizuri.