Kidole cha Karanga

Kila likizo, ikifika saa sita mchana, Chiriku alimpelekea mama yake chakula kazini. Jina hilo alibandikwa nyumbani kwa sababu mdomo wake haukujua kupumzika. Mama alikuwa fundi wa kuunga nyaya nene za umeme, zile zinazolazwa chini ya bahari ili nchi mbili zigawane umeme.

Siku hiyo mama alikuwa anamalizia kiungo cha mwisho katika chumba cha vioo karibu na gati. Aliusugua waya mpaka ukang'aa, akaufuta vizuri, kisha akatoka kubadilisha glovu.

"Usiingie humo, mwanangu. Hata vumbi kidogo ni balaa."

"Ndiyo, mama," Chiriku alijibu huku akitafuna karanga.

Lakini ule mng'ao ulimvuta. Akaingia kwa kunyata, akaupapasa waya kwa kidole kimoja tu, akatoka mbio.

Mama alirudi, akachukua mkanda wa mpira wa kufunikia kiungo. Nje ya kioo, Chiriku alinyamaza tuli. Akisema, kazi ya mama ya asubuhi nzima ingerudiwa, na meli ilikuwa inaungoja waya huo. Asiposema, waya ungezama na uchafu wake.

"Mbona leo redio imezimwa?" mama alimtania kupitia mlangoni.

Machozi yakamlengalenga. "Mama, nimeugusa. Na mkono una mafuta ya karanga."

Mama aliweka mkanda chini, akashusha pumzi. "Wapi?"

"Hapo katikati."

Nahodha wa ile meli naye akachungulia. "Fundi, tayari?"

"Bado. Narudia."

"Lo! Tutaondoka lini sasa?"

"Nikimaliza."

Nahodha akaondoka akinung'unika. Mama alisugua na kufuta upya, na jua lilikuwa linazama alipotoka. Chiriku hakuthubutu kumtazama. Mama akamvuta kifuani.

"Umenikera, sikufichi. Umeme ungepachoma mahali pale, halafu meli iende kuuvua waya baharini na watu wakae bila umeme. Lakini umesema mapema, nami nimesugua na kufuta upya tu. Ukikosea, mwanangu, sema kosa likiwa bado mezani, halijazama baharini."

"Nimesikia, mama. Nisamehe." Chiriku akapangusa machozi. "Mama, kwani samaki hawaung'ati? Na wakiung'ata je? Na papa?"

"Haya, redio imewaka!" Mama akacheka, akafunua chakula chake kilichopoa, akamsogezea mwanawe kijiko cha kwanza.