Kilio cha Mtu Aliye Hai

"Na kaka yako Habumugisha, iko wapi?" kapiteni Polycarpe aliuliza.

Uwingabire alimtazama mama yake, akainamisha kichwa.

"Alikufwaka, kapiteni."

Mama Mukamurenzi, aliyekuwa akibambua maharagwe mlangoni, alisimamisha mikono. Mama gani angemkana binti yake mbele ya mkubwa wa jeshi?

Kambi nzima ya wakimbizi hapo Kashuga ilijua kwamba Uwingabire anaolewa na Émile, sajenti wa jeshi, kijana wa Walikale mwenye sauti ya chini. Lakini askari haoi kama mkulima. Anaomba ruhusa kwa wakubwa wake, nao wanatuma mtu kuchunguza ukoo wa mchumba. Ukiwa na ndugu porini anayebeba bunduki pamoja na waasi, ruhusa huioni. Na Habumugisha alikuwa porini tangu walipokimbia Bihambwe.

Kapiteni hakuwa mtoto wa jana.

"Kilio mulikaa wapi? Majirani hawakuniambia."

"Habari imetufikia sasa tu. Tunawasha moto ya kilio kesho."

Kapiteni alipoondoka, Uwingabire alipiga magoti. Mama alikataa katakata. Kwao, kumkalia kilio mtu aliye hai ni kumfukuza nyumbani. Binti akasema bila ruhusa atampoteza Émile, akalia mpaka sauti ikakauka, na mama akakubali. Mimi ninayesimulia ninamlaumu mama huyo, ingawa ninamwelewa.

Moto ukawashwa uani. Majirani wakaja na kuni, viazi na nyimbo za kanisani. Mama alilia machozi ya kweli, watu wakasema kumbe alimpenda hivi.

Émile alikuwa kwenye kituo chao upande wa Bisie, na mchumba wake hakumwambia lolote, eti asije akalazimika kuwadanganya wakubwa. Habari aliipata kwa askari wenzake. Alifika kwa pikipiki, matope mpaka magotini. Uwingabire akamvuta nyuma ya nyumba, karibu acheke.

"Usilie, sheri yangu. Hakufwa. Ni juu ya kupata ruhusa yetu."

Émile alikaa chini palepale kwenye tope.

"Ulifanya nini?"

"Nilifanya juu yako."

"Kaka yako alikuwa anarudi. Tunaongeaka naye kwa simu tangu mvua ilianza. Hii Alhamisi alikuwa anatoa bunduki kwa jeshi. Nilitaka nimupeleke mbele ya kapiteni, niseme: kaka ya bibi yangu, ndiye huyu."

"Juu ya nini hukuniambia?"

"Wenzake wa porini wangejua, wangemuua. Niliogopa kusema hata kwako."

Akapiga simu. Habumugisha alipopokea, mama, aliyekuwa amewafuata, alimnyang'anya Émile ile simu.

"Mutoto yangu..."

"Mama, nasikia munaota moto ya kilio yangu."

"Rudi nyumbani, Habu."

"Nirudi kwa nani? Mulishanilia. Munanizika muzima juu ya harusi."

Akakata. Alhamisi ikapita, hakutokea, na simu yake ikawa haipatikani.

Kilichokuja ni ruhusa, na muhuri wake. Émile aliileta mwenyewe na hakuna aliyetabasamu. Gauni lilikuwa tayari kwa fundi, kwaya ilikuwa inafanya mazoezi, na mama alikuwa ameacha kula. Uwingabire alimtazama akisukuma sahani pembeni, akajua kwamba harusi hii hataiweza.

"Nitaenda kwa kapiteni," alimwambia Émile. "Nitasema kaka iko muzima."

"Ukisema, sisi tumekwisha."

"Najua."

Émile akavaa kofia yake.

"Basi twende wote wawili."

Kapiteni aliwasikiliza hadi mwisho. Hakupiga kelele, na hilo liliumiza zaidi. Alisema mwanamke anayedanganya uchunguzi hawezi kuwa mke wa askari, akaichana ruhusa mbele yao. Kwa kuuficha uongo huo, Émile alivuliwa cheo na kuhamishiwa Ituri, mbali. Aliagwa barabarani, juu ya lori, na hawakuachiwa hata nafasi ya kukumbatiana.

Mama na binti walizunguka nyumba kwa nyumba wakisema Habumugisha yuko hai na kilio kimefutwa. Wengine waliwacheka, wengine waliwafungia milango. Kisha wakazoa majivu ya ule moto, wakayamwaga mtoni. Uwingabire akaandika ujumbe:

"Kaka, nilienda kwa kapiteni nikasema uko muzima. Ruhusa walichana. Émile wamemupeleka mbali. Kilio tulifuta. Siombi unisamehe mimi. Rudi kwa mama."

Hakujibiwa. Lakini Jumapili moja, watu wakitoka misa, Habumugisha aliingia uani amekonda, mikono mitupu. Mama alianguka miguuni pake. Walimpikia ugali wa foufou na mboga ya sombe, majani ya muhogo, akala bila kuinua macho, na sahani ilipoisha ndipo alipomtazama dada yake.

"Nilikawia kufika. Nilikaa kule barabarani tangu jana."

"Ulikuwa unangojea nini?"

"Sajenti yako. Message yako niliisoma, lakini sikuamini. Aliniahidi, siku nitatoka atanipokea mwenyewe, juu askari wengine wasinipige risasi. Nikasema lazima atakuja."

Uwingabire alilia kwa sauti, mikono kichwani, kama watu wanavyolia maiti ikiingia nyumbani. Majirani wakatoka kuuliza nani tena amekufa.

"Hakuna mufu," mama aliwajibu. "Mumuache tu alie."